Kuuliza na Kuulizwa: Swali la Mbunge ni Amana



Neno "swali" tumelipata kwa Kiarabu, na katika shina lile lile limetoka neno "masuulia", yaani dhamana ya mtu aliyekabidhiwa jambo alitunze. Kwa asili yake, masuuli ni mwenye kuulizwa. Basi mtu akipewa kazi ya watu, iwe kubwa au ndogo, amekwisha kukubali tangu siku ile kwamba ataulizwa: ataulizwa na watu hapa duniani, na ataulizwa na Mola wake kesho Akhera. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, kuanzia mtawala hata mtumishi wa nyumbani, na kwamba hapana mchunga asiyeulizwa habari za alichokichunga.

Mwezi huu twapenda kulitazama jambo hili katika mambo ya umma, khasa namna Wabunge wanavyoiuliza Serikali juu ya maji, barabara, zahanati na upimaji wa miji. Mifano yetu tutaitoa Iringa na Mbeya, kwani Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu na yenye mafunzo katika jambo hili.

Zamani za Waingereza, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926. Miaka kumi na tisa ilipita bila Mwafrika hata mmoja kukaa ndani yake, mpaka mwaka 1945 walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Katika miaka ile yote, habari za daraja la Iringa au kisima cha Mbeya, kama ziliulizwa, ziliulizwa na watu wasiokunywa maji ya kisima kile. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza lile ulifanywa mwaka 1958 na 1959, na Uhuru ukapatikana mwaka 1961. Mwaka uliofuata Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa aliyepigana na Wadachi, alikalia kiti cha Spika, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kukikalia. Alikishika mpaka 1973, kisha akakirudia 1975 hadi 1994.

Baada yake nchi hizi zimetoa Maspika wengine wawili. Bibi Anne Makinda wa Njombe, mji uliokuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka ulipofanywa mkoa wake wenyewe mwaka 2012, alikuwa Spika tangu 2010 hadi 2015. Dokta Tulia Ackson, aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, alikuwa Spika tangu 2022 hadi 2025.

Heshima hii ni kubwa, walakini ina fumbo ndani yake: Spika haulizi maswali. Yeye hukaa kitini akawapa nafasi wenziwe. Hali kadhalika Waziri, naye ni wa kujibu. Bwana William Lukuvi, aliyekuwa Mbunge wa Isimani katika Iringa, alikuwa Waziri wa Ardhi tangu 2015 hadi 2022. Katika miaka hiyo, mtu aliyetaka kujua habari za upimaji wa viwanja na mipango ya miji, yeye ndiye aliyeulizwa. Kwa hivyo watu wa mahali wasiutegemeze mzigo wote wa shida zao juu ya mtu mmoja, hata awe mkubwa namna gani. Swali lao likiwa la haki na limeandikwa vizuri, laweza kubebwa na Mbunge wa Viti Maalum, au na Mbunge wa jimbo la jirani ambaye barabara ile ile yapita kwake.

Sasa tutazame swali lenyewe linavyokwenda. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 63, imelipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote jambo lolote la umma lililo katika wajibu wake. Mbunge hupeleka swali lake mapema, kwa maandishi. Asubuhi Bunge likutanapo Dodoma, swali hutajwa kwa namba yake, na Waziri, au mara nyingi Naibu wake, husimama akasoma jibu. Kisha mwenye swali hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza. Na yote yaliyosemwa huandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo watu huziita Hansard. Neno likiisha kuandikwa humo halifutiki kwa usahaulifu wa mtu.

Lakini jibu nalo lataka kusomwa kwa akili. Wakaaji wa Iringa waijua barabara ya kutoka mjini kwao kwenda Msembe, katika Hifadhi ya Ruaha, yenye kilometa 104. Habari za kuitia lami zimeulizwa Bungeni si mara moja wala mara mbili. Mwenye kufuatilia jambo kama hili hujifunza kwamba majibu yana daraja zake. Wakisema "upembuzi yakinifu", maana yake ni kwamba watazama kama kazi yafaa na itagharimu kiasi gani. Wakisema "usanifu wa kina", maana yake michoro kamili yatengenezwa. Baada ya hapo ndipo ije zabuni, kisha mkataba, kisha mkandarasi na mitambo yake. Ama neno "fedha zitakapopatikana", hilo si ahadi ya siku maalum. Mtu asiyezijua daraja hizi atafurahi kila mwaka kwa jibu lile lile, na mwenye kuzijua atauliza: mwaka jana mlikuwa daraja hii, je, mwaka huu mmepanda? Na subira ina matunda. Barabara ya Iringa hata Dodoma, anayopita Mbunge kwenda kuuliza hayo maswali, ilikuwa ya vumbi miaka mingi. Ilifunguliwa rasmi ikiwa ya lami mwaka 2018.

Tena mwuliza sharti ajue nani wa kuulizwa. Barabara kuu na za mikoa zi chini ya TANROADS. Zile za wilaya na za mitaa ya miji, tangu 2017, zi chini ya TARURA. Maji ya vijijini yamewekwa chini ya RUWASA kwa sheria ya mwaka 2019. Shule za msingi na zahanati ni kazi ya halmashauri, na Waziri wa TAMISEMI ndiye huzijibia Bungeni. Swali lililopelekwa mlango usiokuwa wake hurudi mikono mitupu, na mwaka mzima waweza kupotea.

Labda msomaji atauliza: mambo haya ya barabara na upimaji yana nini na dini? Twajibu kwamba yamo katika dini tangu mwanzo. Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamua watu wakigombana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba. Na At-Tabari ameandika katika taarikh yake kwamba ulipojengwa mji wa Kufa, kiasi cha mwaka wa 17 wa Hijra, Sayyidna Umar (r.a.) aliagiza njia kuu ziwe za dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro visipungue dhiraa saba. Njia zilikadiriwa kwanza, kisha nyumba zikafuata.

Aliyeusimamia mji huo ni Saad bin Abi Waqqas (r.a.), sahaba mkubwa, mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo. Hata hivyo watu wa Kufa walimshtaki kwa Khalifa, hata wakasema hajui kuwasalisha vizuri. Je, Sayyidna Umar alisema kwamba mtu mkubwa kama huyu haulizwi? Hasha. Alimwuliza mwenyewe, akamsikiliza, kisha akatuma watu waende Kufa wakaulize msikiti baada ya msikiti. Kila mahali alisifiwa, ila katika msikiti mmoja mtu alisimama akamzulia mambo, na Bukhari amesimulia namna mtu yule alivyofikwa na mwisho mbaya kwa sababu ya uwongo wake. Saad aliondolewa katika kazi ile. Lakini Sayyidna Umar, alipokuwa karibu na kufa, alieleza wazi kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, hapana mkubwa asiyeulizwa, na kuulizwa si kuvunjiwa heshima. La pili, mwenye kuuliza naye yu chini ya hisabu ya Mungu. Akiuliza kwa uwongo, au kwa kutaka kumwaibisha mtu, au kwa kupigiwa makofi tu, ameikhini amana.

Turudi Mbeya. Mji ule umekaa baina ya milima, na barabara kuu ya Zambia pamoja na reli ya TAZARA zapita hapo. Watu wamekuja wengi, na mwaka 2005 ukafanywa Jiji. Mahali penye nafasi finyu namna hii, nyumba zikitangulia mpango, mpango hukosa pa kupita. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea kwa moto mwaka 2006, ilidhihiri jinsi riziki ya maelfu ya watu inavyokaa katika kipande kidogo cha ardhi, na jinsi kulijenga upya lisilokuwa na nafasi kunavyochukua miaka.

Lakini ardhi ina hasara kubwa kuliko ya soko. Barabara isiyotiwa lami mwaka huu yaweza kutiwa mwaka ujao. Ama kiwanja cha shule, cha zahanati au cha makaburi, kisipotengwa siku ya kuchora ramani, baada ya miaka kumi kitakuwa na nyumba za watu juu yake, na kukirudisha ni fidia na machozi. Sisi Waislamu huzika haraka, na maiti hangojei kikao cha halmashauri. Mtaa mpya ukipimwa bila mahali pa kuzikia, aibu hiyo itatupata sisi tuliokuwapo tukanyamaza. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka wakaaji washirikishwe katika mipango ya mahali pao, na vijijini mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Basi swali la kwanza halianzii Dodoma. Huanzia mtaani, ramani ingali karatasi. Tukilinyamazia huko, Mbunge atakuja kuuliza habari ya kitu kilichokwisha kupotea.

Kwa hivyo twawanasihi watu wa kila nyumba mambo manne. Hudhurieni mikutano ya mtaa na kijiji, na akina mama wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wanaojua maji yakatika siku ngapi na zahanati yafungwa saa ngapi. Mpeni diwani na Mbunge wenu habari zenye hakika: kijiji gani, tangu mwaka gani, watu wangapi. Mbunge ni mjumbe pia katika halmashauri ya mahali pake, basi hana udhuru wa kutojua. Tatu, jibu likitolewa, vijana wenu waliosoma waliandike pamoja na tarehe yake, wasome mbele ya wazee, kisha mwaka ukigeuka watazame limefika wapi. La nne, semeni kweli: jambo likitimizwa, shukuruni wazi wazi kama mlivyolalamika wazi wazi.

Mwenyezi Mungu ameita sura nzima ya Qurani, ya 42, kwa jina la mashauriano, akayataja mashauriano hayo karibu na Sala katika sifa za waumini. Nasi tukumbuke kwamba siku ile kubwa hatutaulizwa habari za viongozi peke yao. Tutaulizwa na sisi: mliona nini, na mlisema nini?

Wabillahi taufiq.