Ajali Haina Kinga? Huo ni Udhuru



Miongoni mwa methali unazozikariri kwa ajili ya mtihani, ipo moja ambayo leo nakusihi uitilie shaka: ajali haina kinga. Nimeisikia matangani na katika mikutano ya wazazi, na aghalabu huitamka mtu mzima anayetaka mjadala ukome. Nyumba imeungua, watoto wamezikwa, nasi twaitwika majaaliwa lawama iliyo yetu.

Likumbuke bweni la Kyanguli, nchini Kenya. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 waliteketea humo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapa kwetu Uganda, mwaka 2008, wasichana wengi walifia bwenini huko Buddo. Na Oktoba 2022 moto ukaua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Nani aliwasha moto ni swali la polisi. Nani alifunga mlango ni swali letu sote.

Usidhani ni mabweni tu. Nyumba zetu nazo tumezifunga vyuma kila dirisha, na usiku twatia kufuli mlangoni kwa hofu ya mwizi. Niliwauliza wanafunzi wangu: usiku ufunguo hukaa wapi? Mikono michache tu iliinuka. Sikuwacheka, kwa maana wangu mimi ulikuwa mfukoni mwa suruali, na mke wangu hakujua ni suruali ipi.

Utaambiwa kwamba wezi ni wengi. Ni kweli, wala sikuambii ung'oe vyuma. Nasema dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani, na ufunguo wa mlango utundikwe mahali pamoja panapojulikana na wote, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Hilo haligharimu zaidi ya msumari na bawaba.

Utaambiwa pia kwamba kuutaja msiba ni kuualika. Basi nawe useme kwa adabu: "Baba, mama, naomba leo tupange jinsi ya kutoka nyumba ikishika moto." Kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea. Aamuliwe nani atambeba mtoto na nani atamshika bibi mkono. Mchague mahali pa kukutania nje, labda chini ya mwembe, ili mhesabiane. Kisha mjaribu taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu moshi haukuachii mwanga.

Na ujue kwamba moshi huua wengi kuliko miali. Hupanda juu, kwa hiyo wewe tambaa karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango, uguse kwa nyuma ya kiganja: ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia ya pili. Ukipita, ufunge nyuma yako ili kuuchelewesha moto. Nguo zako zikishika, simama, lala chini, ujiviringishe. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, funika sufuria na uzime jiko; usimwage maji kamwe. Ukishatoka, usirudi ndani, si kwa simu wala kwa vyeti. Piga 999 au 112 ukiwa nje.

Tazama sasa utajiri wa lugha unayojifunza. Kinga ni hifadhi, na kinga vilevile ni kipande cha ukuni chenye moto. Ndiyo maana wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wahenga haohao walituachia tahadhari kabla ya hatari. Kwa nini twaishika ile inayotupumzisha na kuiacha hii inayotutuma kazi?

Kabla hujalala leo, uliza ufunguo uko wapi. Wakikosa kukujibu, usilale mpaka upatikane.