Daftari Ndilo Nyapara wa Kwanza

Msafiri ashikaye barabara ya Namanga kutoka Athi River, akapita Kitengela na Isinya hadi Kajiado, huona nyumba nyingi mpya za mawe. Pia huona nyingine zilizosimama bila paa: kuta zimefika kwenye linta, nyasi zimeota ndani ya vyumba, na mwenyewe amekwenda kutafuta fedha. Si kwamba wenye nyumba hizo wote walikuwa maskini. Wako walioanza kazi wakiwa na fedha za kutosha. Kilichokosekana ni hesabu.

Adui wa kwanza wa mjenzi wa huko yumo ardhini. Sehemu kubwa ya tambarare za Kitengela ina udongo mweusi ambao huvimba unywapo maji ya mvua, na hupasuka wakati wa kiangazi. Msingi uliowekwa juu yake hupandishwa na kushushwa, na kuta hupata nyufa. Kwa hiyo yafaa udongo huo uondolewe mpaka ardhi ngumu ionekane, kisha pajazwe mawe na changarawe na kushindiliwa. Kazi hiyo ina gharama, wala kina chake hakijulikani kwa macho. Mtu mwenye busara huchimba mashimo mawili au matatu ya kujaribu kiwanjani kabla ya kupatana bei na fundi. Asiyefanya hivyo hupatana bei ya nyumba asiyoijua, na fedha alizoziweka kwa mabati humezwa na msingi.

Kosa la namna hii haliwapati watu wadogo peke yao. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3 za kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, reli ipitayo Athi River, jirani ya Kitengela. Kazi ilipokwisha, gharama zilikuwa zimepita pauni milioni 5. Serikali yaweza kurudi Bungeni kuomba nyongeza. Karani mwenye mshahara mmoja hana Bunge la kumwongezea.

Baada ya msingi huja upotevu wa kila siku, nao ni mwizi asiyevunja mlango. Kwa mfano, sakafu ya zege yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2. Ikichanganywa kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, huhitaji mifuko 13 hivi ya saruji ya kilo 50. Ikiwa ardhi chini yake haikusawazishwa, na unene ukazidi kwa sentimita 2 na nusu tu, zege huongezeka kwa robo nzima, na mifuko 3 na zaidi huzikwa pasipo faida. Katika nyumba ya vyumba vinne vya kipimo hicho, mifuko iliyozikwa hufika 13, yaani sakafu ya chumba kizima.

Mawe nayo huuzwa kwa futi. Ukuta wa mawe ya kimo cha inchi 9 hutaka karibu futi 13 za mawe kwa kila mita mraba. Basi ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3, usio na mlango wala dirisha, ni futi 390 hivi. Ajuaye hesabu hii hawezi kuletewa futi 500 akanyamaza.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Kila jioni na yaandikwe mambo manne: vitu vilivyoletwa, vitu vilivyotumika, watu waliofanya kazi, na kazi iliyokamilika kwa kipimo. Hilo la nne ndilo lisahauliwalo sana. Kuandika mafundi 3 na vibarua 4, bila kuandika mita za ukuta walizojenga, ni kuhesabu ng'ombe bila kupima maziwa. Ikiwa juzi watu hao walijenga mita 12, na jana 6, mwenye nyumba ataulizia sababu mapema. Mara nyingi sababu si uvivu: huenda mchanga ulichelewa, au maji ya kuletwa kwa lori yalikwisha saa nne asubuhi. Ujira wa siku hulipwa hata fundi akiwa ameketi kivulini. Kwa hiyo vitu vya kesho na viagizwe leo.

Lakini kubana gharama si kupunja kipimo. Anayepunguza saruji katika zege, au kuzidisha maji ili ichanganyike upesi, hakuokoa kitu. Ameihatarisha jamaa yake itakayolala chini ya kuta hizo. Ikiwa hesabu yaonyesha kwamba fedha hazitoshi, na vipunguzwe vyumba katika ramani kabla ya kuchimba, na ramani hiyo ipate kibali cha Kaunti. Nyumba ya vyumba viwili yenye paa ni bora kuliko ya vyumba vitano inyeshewayo mvua.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ni mali ambayo watu wengi huijenga mara moja tu maishani, na haifai kuijenga kwa kukisia.