Sungura Aliyepita Chini ya Lango



Juma lililopita alitujia mama mmoja, jirani yetu na msomaji wa ukurasa huu, akiwa na kitabu kidogo cha picha alichokifunga ndani ya leso. Kwa siku tisa alikuwa amekiweka juu ya kabati, mbali na mkono wa mwanawe mwenye umri wa miaka sita. Kitabu hicho, alicholetewa mtoto na mama yake mdogo, kinasimulia habari za sungura aliyekatazwa na mamake kuingia katika shamba la jirani, naye akaenda mbio siku hiyo hiyo, akajipenyeza chini ya lango. "Mtoro ninaye nyumbani tayari," alisema mama yule. "Nimletee na mwalimu wa utoro?"

Hakuwa akifanya mzaha. Siku chache kabla ya kitabu kuja, mtoto huyo aliponyoka baada ya Alasiri akawafuata wavulana wakubwa pwani. Wenziwe walirudi, yeye hakurudi. Nyumba nzima ilitoka kumtafuta, na Magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa alipoletwa mlangoni na mvuvi, ameshikwa mkono, nguo zimerowa. Aliulizwa alikokuwa, akanyamaza. Alichapwa, akanyamaza. Hata siku ile mama alipotujia, mtoto alikuwa hajasema neno juu ya yaliyompata.

Tulimwomba atuachie kitabu usiku mmoja. Ni kitabu mashuhuri. Mwandishi wake, Beatrix Potter wa Uingereza, alikianza kama barua yenye picha aliyomwandikia mtoto aliyekuwa mgonjwa, mwaka 1893. Wachapishaji walipokikataa, alitoa nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1901, na mwaka uliofuata kikachapishwa kwa ajili ya umma. Sungura huyo anaitwa Peter.

Tulikisoma tukimtafuta mwalimu wa utoro, na tunakiri kwamba hatukumwona. Peter anakula mboga za watu mpaka tumbo linamuuma. Mwenye shamba anamwona, anamfukuza. Viatu vinapotea, na kikoti chake cha buluu, ambacho bado ni kipya, kinanaswa kwenye wavu. Anajificha ndani ya kopo la kumwagilia maji, kumbe limo maji. Anapiga chafya, anagunduliwa. Anaufikia mlango uliofungwa, anamuuliza panya mzee njia ya kwendea langoni, lakini panya ana punje kubwa ya njegere kinywani, hawezi kujibu. Hapo Peter analia. Anafika nyumbani bila koti wala viatu, anaugua, anapewa dawa na kulazwa, na ilhali dada zake waliotii wanakula mkate na maziwa. Tena tangu mwanzo mama sungura amewaeleza wanawe kwamba baba yao aliingia katika shamba lile lile asirudi. Mwandishi haongezi mahubiri mwishoni. Picha na mambo yenyewe yamekwisha kusema.

Wako wazazi wanaotuuliza swali la kutangulia hilo: je, kumsomea mtoto habari za wanyama wasemao si kumzoesha uongo? Tunawakumbusha hadithi iliyopokewa katika Sunan Abi Dawud. Mtume (s.a.w.) alimkuta Bibi Aisha (r.a.) na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alimuuliza kama farasi huwa na mbawa, naye Bibi Aisha akamjibu kwa habari ya farasi wa Nabii Sulayman (a.s.). Mtume hakumkaripia. Alicheka mpaka magego yake yakaonekana.

Wala wanyama hawa si wageni kwetu. Kitabu cha Kalila na Dimna, alichokifasiri Ibn al-Muqaffa' kwa Kiarabu katika karne ya 8, kimejaa wanyama wanaosafiri, wanaodanganyana na wanaookoana, na nakala zake zilizochorwa picha zipo tangu karne ya 13. Kimo kisa cha nyani anayechukuliwa na kobe kwa hila kwa sababu ya moyo wake, akajiokoa kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini. Kisa hicho kilipofika pwani yetu, kobe aligeuka papa, na nyanya zetu wakakisimulia kana kwamba kilitokea ufuoni hapa. Edward Steere alikisikia Unguja, akakichapa mwaka 1870 ndani ya kisa cha punda wa dobi. Watoto wa Waswahili, basi, walilelewa na wanyama wajasiri kabla ya kitabu cha buluu kuingia dukani.

Hata hivyo hatusemi kila shujaa mwenye mkia afaa kulala na mtoto chumbani. Yako masimulizi ambamo mjanja huiba, hudanganya, hucheka, na kitabu kikafungwa bila yeyote kuumia wala kujuta. Kipimo chetu ni hiki: mnyama anaporudi nyumbani, arudi na nini? Katika Surat An-Naml, hud-hud alikosekana mbele ya Nabii Sulayman bila ruhusa, na adhabu ilitajwa isipokuwa alete hoja iliyo wazi. Akaja na habari za Saba. Hata hapo habari yake haikupokewa hivi hivi. Nabii Sulayman alisema ataangalia kama ni mkweli au mwongo, kisha akampa barua aipeleke. Aliyetoka alisikilizwa kwanza, maneno yake yakapimwa, ndipo uamuzi ukafuata. Mzazi mwenye mtoto mtoro atazame mpangilio huo vizuri.

Na shujaa mwingine ametokea hapa hapa kwetu, ingawa watoto wengi wa Mombasa hawamjui. Mwezi Disemba mwaka 2004, kiboko mchanga aliyekuwa amesukumwa baharini na maji ya mto Sabaki alikwama kwenye miamba ya Malindi baada ya mawimbi ya tsunami kupita. Mamia ya watu walijaribu kumkamata kwa nyavu. Alipopatikana alipewa jina la Owen, jina la mmoja wa waokozi wake, akapelekwa Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya saruji. Huko alimkimbilia kobe mkubwa mwenye umri wa miaka 130 hivi, aitwaye Mzee. Mwanzoni Mzee alifoka na kujitenga. Kiboko hakuondoka. Baada ya siku si nyingi wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliona picha yao, na kwa msaada wa baba yake Craig na wa Dkt. Paula Kahumbu, pamoja na picha za Peter Greste, kikatoka kitabu mwaka 2006. Owen hakutoroka, maji ndiyo yaliyomchukua. Kwa mtoto aliyefiwa, au aliyehamishiwa nyumba ya jamaa, kitabu hiki chaweza kusema jambo ambalo sisi wakubwa hutukwama kooni.

Sasa neno kwa mama asiyesoma Kiingereza, kwa kuwa vitabu vingi hivi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Usikiache kitabu kwa sababu hiyo. Mtoto wa miaka minne hasomi maneno, asoma picha, na picha mnaziona nyote wawili. Mpakate, fungueni ukurasa, msimulie kwa Kiswahili cha nyumbani kama ulivyosimuliwa wewe. Muulize: huyu anakwenda wapi? Anaogopa nini? Nani anamngojea nyumbani? Kisha nyamaza umsikilize. Anayeuliza juu ya kitabu chenye nguruwe, jibu letu ni kwamba kilichoharimishwa ni kula nyama yake. Kiumbe chenyewe ni cha Mwenyezi Mungu, na mweleze mtoto hivyo hivyo. Tunalokuombeni zaidi ni kutofunga kila kisa kwa onyo. Mtoto akijua kwamba mwisho wa hadithi ni kukemewa, hatakuambia aliyoyaona ndani yake.

Mama yule alikichukua kitabu chake, akatuahidi kujaribu. Jumatano alirudi. Alikuwa amemsomea mwanawe baada ya Isha, mpaka wakafika kwenye picha ya Peter akilia mbele ya mlango uliofungwa. Mtoto akaweka kidole juu ya picha, asitake ukurasa ufunuliwe. "Hata mimi nililia," akasema. Ndipo alipoyatoa yote: wakubwa walimwambia awangojee juu ya mwamba, wakaondoka bila kumwita, maji yakajaa yakauzunguka mwamba, akapiga kelele asisikiwe. Mvuvi hakumkuta akicheza pwani kama nyumba nzima ilivyodhani. Alimkuta juu ya jiwe, maji yamemfika magotini.

"Na mimi nilimchapa," mama yule alituambia, akautazama mkono wake.

Asubuhi ya pili alimvika mwanawe kanzu, wakaenda pamoja kumtafuta mvuvi kumshukuru, wakiwa na kikapu cha mahamri. Kitabu hakipo tena juu ya kabati. Kipo chini ya mto wa mtoto, na ukurasa wa mlango umeanza kuchakaa.

Wabillahi tawfiq.