Riwaya si Hotuba

Umezuka mtindo wa kuipima riwaya kama inavyopimwa taarifa ya kamati. Dhamira ni nini? Ujumbe ni upi? Mwanafunzi hujibu kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba mwanamke apewe heshima yake, akapata alama zake, na kitabu chenyewe hakukifungua. Hapa Usa River kijana wa sekondari aweza kununua kijitabu cha uchambuzi, akafaulu mtihani wa fasihi, asijue ladha ya riwaya hata moja. Kijana hana kosa. Amefundishwa kwamba riwaya ni ganda na ujumbe ndio kokwa.

Huo ni upotofu. Kama ujumbe ungekuwa ndio ubora, bango la kuhimiza usafi wa vyoo lingezishinda riwaya zote.

Tuitazame Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kusomwa miaka mingi katika kidato cha tano na sita. Siasa imo tele: utawala wa Kiingereza Unguja, ubaguzi, mapambano ya chini kwa chini. Lakini anayetunyima usingizi ni Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya baba yake. Yasmin hakuikimbia ndoa ile ili aukomboe umma. Aliikimbia kwa kuwa imemchosha. Akaenda Ng'ambo kwa Mwajuma, akaonja starehe, akampenda Denge, na Denge ndiye mwanasiasa. Msomaji anauchukia ukoloni kwa sababu unamtenga Yasmin na mtu wake. Mwandishi hakuhitaji kupanda jukwaani.

Sasa tumweke kando yake Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima. Najua nitapigiwa kelele, maana Kiswahili cha Shaaban hakina mshindani. Lakini Utubora anaacha kazi ya mjini na kushika jembe, na kila jaribu linamkuta amekwisha kulishinda moyoni. Mtu aliyekamilika tangu mwanzo hana pa kwenda. Tunampa heshima apewayo mgeni rasmi, wala hatumwonei wasiwasi. Kinachotufikisha mwisho wa kitabu ni utamu wa lugha.

Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, akidhani anamlinda. Msomaji anaiona hatari ambayo baba haioni, naye hana njia ya kumwonya. Ndiyo maana kitabu kile hakiwekiki chini, na ndiyo maana wakubwa walikiogopa. Wahusika wa karatasi hawamwogopeshi mtu.

Nasi wa Meru tunayo habari inayostahili riwaya kubwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza wananchi Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu; nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akayafikisha malalamiko yetu Umoja wa Mataifa, New York, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakatoa kitabu juu ya kesi ile. Mwandishi mwenye ugonjwa wa ujumbe ataanzia kwenye hotuba ya Kirilo. Fundi wa riwaya ataanza na mama mmoja, moshi unakaribia, mgongoni mtoto, mkononi nafasi ya kubeba kitu kimoja tu. Na mume wake, mpishi wa mlowezi, anamwambia anyamaze. Je, mume huyu ni mwoga, au ana hesabu yake? Hapo hata ofisa aliyechoka na mafaili atafungua ukurasa wa pili.

Wapo watakaosema kwamba hivi tunazikaribisha riwaya za upelelezi. Na zije! Willy Gamba wa Elvis Musiba alisomwa na watu wasioshika kitabu kingine chochote. Anayembeza na aeleze kwanza Musiba aliwashikaje.

Watunga mitihani nao waliache swali la ujumbe walau mwaka mmoja. Waulize hivi: kama Yasmin angerudi kwa Bwana Raza, ni yapi katika kitabu yangegeuka uongo? Jibu hilo haliuzwi katika kijitabu.