Wiki Niliyomtafsiria Mmishenari

Nianze na hesabu. Siku saba, shilingi 500 kwa siku, jumla 3,500. Hiyo ndiyo pesa niliyoahidiwa mwezi wa saba, mwaka ule niliorudi nyumbani Kwanza baada ya karo kunishinda nikaacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kanisa moja, ambalo sitalitaja, lilikuwa likipokea mgeni kutoka Marekani na lilitaka mtu wa kumtafsiria. Mchungaji akamwambia mama, mama akaniambia mimi, nami sikuwa na kazi nyingine.

Mgeni alikuwa na miaka 19. Mimi nilikuwa na 22. Shika hizo namba, tutazirudia.

Sijaandika kumsema vibaya. Alikuwa kijana mpole, alikula kila alichopewa, alibeba maji kutoka mtoni bila kulalamika hata siku moja. Shida yangu si yeye. Shida yangu ni sisi tuliompa kazi ambayo kwao hakuna mtu angempa, na mimi wa kwanza, kwa sababu kila neno lake lilipita mdomoni mwangu.

Jumatatu alipumzika hotelini Kitale. Jumanne tukaanza nyumba kwa nyumba. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, huoni nyumba ya jirani mpaka umeikaribia. Tukafika kwa kukhu mmoja aliyekuwa amekaa nje akipepeta maharagwe. Kukhu huyu ni mtu wa kanisa la Friends tangu utotoni. Biblia yake imeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kijana akamwuliza kama amewahi kusikia habari za Yesu. Kukhu akamwangalia, akaniangalia, akaniuliza kwa Lubukusu: huyu ni mtoto wa nani, na mama yake anajua yuko huku?

Nikatafsiri: "Anasema karibu sana."

Nilicheka moyoni, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kudanganya siku ya pili tu ya kazi. Lile lilikuwa swali la maana, swali ambalo mtu mzima wa huku humwuliza kila mgeni kabla ya kumpa kiti: umetoka kwa nani, na nani atawajibika kwako? Kijana hakulisikia kwa sababu nililimeza mimi.

Jumatano tukaenda makao ya watoto. Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Msimamizi alituletea msichana wa miaka kama minane, amevaa sweta safi. Simu ya mgeni ikatolewa. Kijana akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, wazazi wake walifariki vipi. Mtoto akajibu kwamba mama yake anauza sukuma wiki sokoni Kitale na huja kumwona Jumapili. Nikageuka kumtazama msimamizi. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, akaniambia: "Kijana wangu, wewe sema ni yatima. Hawa watu wanaelewa yatima."

Nami nikasema ni yatima.

Kijana akalia. Machozi ya kweli, si ya kuigiza. Akamkumbatia mtoto aliyekuwa hajui kwa nini mtu mzima analia, na video ikaenda kwao. Kwa sentensi moja niliyoitamka mimi, mama aliyekuwa hai kilomita chache kutoka pale akawa amekufa kwa watu ambao hatawahi kuwaona.

Sasa tuongee. Kesi ya msichana huyu si ya ajabu. Watoto wengi walio katika makao nchini mwetu wana mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka huko, si kifo. Serikali inalijua hilo. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikazindua mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Lakini mpango wa karatasi utafanya nini kama kila likizo ya Wazungu tunahitaji yatima wa kuonyesha? Mgeni analeta pesa kwa sababu kuna yatima. Kwa hiyo yatima lazima wapatikane. Mama wa sukuma hawezi kushindana na hesabu hiyo. Akipewa yeye shilingi elfu chache za kuongezea biashara, mtoto analala nyumbani. Lakini nani atapiga picha ya mama akipanga mboga?

Alhamisi tulikuwa shuleni. Kijana alisimamishwa mbele ya darasa la nne afundishe chochote anachotaka. Pembeni alikuwa amesimama mwalimu wa hapo kijijini, ana diploma, ana namba ya TSC, anangoja kuajiriwa mwaka wa ngapi sijui, na analipwa na wazazi kwa kuchangishana. Aliambiwa alete viti. Ili apate hiyo namba, mwalimu huyo alipeleka vyeti vyake na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kile cha kupigwa alama za vidole vyote kumi. Kijana wa miaka 19 aliulizwa nini? Hakuulizwa kitu. Ngozi yake ilikuwa cheti, na pasipoti ilikuwa muhuri.

Utaniambia, wacha wivu, madhara yako wapi? Twende basi, si mbali. Vuka Malaba, endelea mpaka Jinja. Huko alifika Mmarekani mwingine, Renee Bach, akiwa bado hajafika miaka 20, akaanzisha kituo cha kuhudumia watoto wenye utapiamlo. Hakuwa na mafunzo ya udaktari. Mwaka 2019 akina mama wawili Waganda walimpeleka mahakamani, na ikajulikana kwamba watoto 105 walikufa wakiwa chini ya huduma ya kituo hicho kati ya 2010 na 2015. Nisimwonee: alikana kwamba alijifanya daktari, wengi wa watoto wale walifika wakiwa hali mahututi, na mwaka 2020 kesi iliisha kwa mapatano nje ya mahakama, bila yeye wala kituo kukubali kosa. Swali langu halimhusu yeye. Ni hili: binti wa Jinja wa umri ule, bila masomo ya udaktari, angefungua kituo cha watoto wagonjwa mahututi mjini Chicago, angekaa siku ngapi kabla ya kukamatwa?

Wazee wangu watasema, lakini wamishenari ndio walioleta shule na hospitali. Ni kweli, na sitaki kuifuta historia. Wale Waquaker watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, Hotchkiss, Hole na Chilson, hawakuja na tiketi ya kurudi Jumatatu ijayo. Wengine waliofuata walikaa mpaka wakazijua lugha za huku, wakatafsiri maandiko, wakafundisha ufundi, wakazika watu wao katika udongo huu. Unaweza kugombana na mtu aliyekaa. Babu zetu waligombana nao. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mtu wa kanisa hilohilo la Friends kabla ya kutoka na kuanzisha Dini ya Msambwa, akidai ardhi na mungu wa wazee wake. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini yake mwaka 1948, mwaka uleule polisi walipowafyatulia wafuasi wake risasi Malakisi na kuua watu. Ugomvi ule ulikuwa wa damu, lakini pande zote mbili zilielewana zinagombania nini. Mimi na kijana wangu hatukugombana hata kidogo. Tungegombania nini, na hakuna alichosikia?

Halafu ona upande wa pili wa barabara. Kanisani petu kuna vijana kumi wanaojua kuhubiri kumshinda yule. Mwambie mmoja aende Marekani siku saba kuwahubiria vijana wa huko. Ada ya viza pekee ni dola 185, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ataulizwa ana shamba, ana mke, ana pesa ngapi benki, ana sababu gani ya kurudi. Atarudi kutoka Nairobi na basi la usiku, mikono mitupu. Agizo la kwenda ulimwenguni kote halikuandikiwa rangi moja. Mbona njia ni ya kuja tu?

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Kijana akahubiri dakika ishirini, nami ishirini. Alikosea mistari, nikairekebisha. Alisema mfano wa theluji, nikaugeuza kuwa mvua ya mawe inayopiga mahindi, watu wakaitikia amina. Mwisho mchungaji akamshukuru mtumishi wa Mungu kutoka ng'ambo. Mimi nikapewa 2,000 na kuambiwa nyingine itakuja. Haijaja. Lakini si hiyo inayoninyima usingizi.

Kwa hiyo nasema hivi, na sisemi kwa adabu ya mkalimani. Kwanza, mgeni yeyote asiguse lango la makao ya watoto bila cheti kilekile cha polisi tunachomdai mwalimu wetu, na simu yake ibaki nje. Pili, anayetaka kutufundisha akae kwanza kwenye benchi letu mwaka mzima asikilize. Mwaka ni mrefu? Basi abaki kwao, na nauli ya ndege imfikie mama wa sukuma. Tatu, hili ni letu wenyewe: tunaotafsiri tuache kutafsiri uongo. Hakuna mmishenari asiyejua lugha yetu anayeweza kumfanya mtoto kuwa yatima bila mmoja wetu kumkopesha ulimi.

Wiki iliyofuata nilienda sokoni Kitale nikimtafuta yule mama. Nilimpata. Nilinunua sukuma ya shilingi ishirini, akanifungia, akaniongezea majani mawili juu. Nilikuwa nimepanga kumwambia nilichosema juu yake. Nikamwambia asante, nikaondoka.

Kama unamfahamu, msomee hii.