Wateuzi wa Léopards washuke Mavivi

Orodha ya Léopards, timu yetu ya taifa, ikitoka, hapa Butembo mashariki mwa Congo kila motari wa pikipiki ni kocha. Kwenye maegesho yao jirani na shule ninakofundisha hesabu, mmoja anataka mshambuliaji Fiston Mayele aanze, mwingine anaapa kwamba kocha Sébastien Desabre haoni mtu asiyecheza Ulaya, na abiria anangoja juani mpaka waelewane. Mimi hunyamaza. Jumapili huwa napuliza filimbi kwenye viwanja vya vumbi vya mji huu, na ubishi ule naona umechelewa. Tunagombania nani kaachwa siku ya kuchagua, ilhali vijana wetu waliachwa zamani, siku ambayo hakuna aliyekuja kuwatazama.

Wachezaji wa Ulaya sina ugomvi nao. Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Léopards walisimama kwenye wimbo wa taifa wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja, vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kwenye panja kama bastola. Huku kwetu ishara ile, ya mauaji ya mashariki na ukimya juu yake, haikuhitaji kufafanuliwa. Niliwashukuru, na bado nawashukuru. Ila kusemewa ni jambo moja, kuitwa ni jingine.

Ninayemtetea ni mchezaji wa nyumbani. Kwenye CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nchi zao, kisingizio cha Ulaya hakipo. Tumelitwaa kombe hilo mara mbili, Abidjan 2009 na Kigali 2016 chini ya kocha Florent Ibenge. Agosti 2025 lilichezwa kwa majirani zetu Kenya, Tanzania na Uganda. Kikosi cha kocha Otis Ngoma kilifungwa 1-0 na Kenya pale Kasarani, kikazishinda Zambia na Angola, kisha Morocco ikatufunga 3-1 tukarudi nyumbani. Baada ya hapo nilisikia kocha akilaumiwa wiki nzima. Sikusikia mtu akiuliza wateuzi walitembea hadi wapi kabla ya kuandika majina.

Niazime mfano kwenye kriketi, mchezo ambao motari wangu hawaujui kabisa. Kenya ilikuwa ikichagua kikosi cha Kombe la Dunia la mwaka 2003 la mechi za siku moja, zile za ova 50 kila upande, mipira sita kwa ova. Wateuzi walimrudisha Aasif Karim, mtu wa Mombasa aliyekuwa amestaafu baada ya kombe la 1999, umri miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, alirusha ova nane na mipira miwili dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Waliambulia mbio saba tu kwake, naye akawatoa watatu, nahodha Ricky Ponting akiwamo. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim, na Kenya ikafika nusu fainali. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Ilimpeleka Frank Nsubuga, miaka 43, kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Dhidi ya Papua New Guinea alirusha ova nne, akaruhusu mbio nne tu, akawatoa wawili, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza.

Mtu wa umri huo hachaguliwi kwa karatasi. Anachaguliwa na mtu aliyemtazama akicheza, tena mara nyingi, mpaka akathubutu kumtetea mbele ya wenzake. Najua kriketi ya majirani ina viwanja vichache na wachezaji wachache, kwa hiyo kuonana ni rahisi. Congo ni kubwa mno. Lakini mteuzi asiyemwona mchezaji hubaki kuchagua jina la klabu, na majina ya klabu yanayosikika yako Kinshasa na Lubumbashi.

Nitaambiwa: usalama. Siukatai. Waasi wa ADF tunawajua kwa makaburi, na nimewahi kukaa na filimbi mfukoni nikingoja timu ya Oicha ambayo barabara haikuiruhusu kufika. Ila sababu hiyo tumeshaizoea. Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, ilitaja Ebola na usalama ikaahirisha uchaguzi wa rais Beni na Butembo. Rais akaapishwa Januari, sisi tukapiga kura Machi. Leo, tangu Goma, mji mkuu wa jimbo letu, iangukie waasi Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni. Kama gavana anaweza kukaa Beni, mteuzi anaweza kulala hapo usiku mmoja.

Nitaambiwa pia kiwango chetu ni duni. Hapo kuna ukweli. Mpira wa kwanza miguuni mwa vijana wetu unaruka kama panzi, kwa sababu ya viwanja. Lakini wanacheza zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na dakika ya 85 bado wanakimbia. AS Nyuki imewahi kucheza ligi ya taifa kutoka mji huuhuu. Huenda wateuzi wasimpate hata mmoja. Hilo nalo ni jibu, tutalipokea.

Ninachotaka ni kidogo. Kabla ya kikosi kijacho cha nyumbani, shirikisho la soka, FECOFA, litume watu wawili washuke uwanja wa ndege wa Mavivi, karibu na Beni. Mechi moja ichezwe Beni, ya pili Butembo, kilomita 54 tu. Majina ya vijana yasiletwe na viongozi wetu; nawajua, wataanza na wapwa zao. Makocha wa vilabu ndio walete. Waje Juni au Julai, mvua zinapopungua, kiwanja cha Matokeo kiwe kimekauka vya kutosha kuonyesha nani anajua kutuliza mpira na nani alikuwa akisaidiwa na tope.