Rafu Tupu Husema Kabla ya Hesabu

Mfanyakazi wa zamani wa Nakumatt akikumbushwa kazi yake, mara nyingi huanza na mwanga: maduka yaliyowaka taa saa 24, tembo kwenye mifuko, na bidhaa za kila aina, kuanzia maziwa na unga hadi majokofu, televisheni na vitanda. Kampuni hiyo ilianza na magodoro mjini Nakuru, ikaenea Kenya nzima, kisha ikavuka mpaka kuingia Rwanda, Uganda na Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka matatu ya Shoprite.

Kumbukumbu hizo ni tamu, lakini kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo zenye faida zaidi ni zile chungu. Mwaka 2017 rafu zilianza kubaki wazi. Sababu haikuwa wateja kukosa fedha. Wasambazaji waliokuwa wakidai malipo ya miezi mingi walikuwa wamesimamisha mizigo. Wenye majengo nao walidai kodi zao, na tawi baada ya tawi likafungwa.

Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Hesabu zilipofunguliwa, madeni yalikuwa yamepita shilingi za Kenya bilioni 30. Fungu kubwa lilikuwa la wasambazaji, na takriban bilioni 4 zilikuwa za watu walionunua hati za mkopo wa muda mfupi zisizo na dhamana. Mwanzoni mwa 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe, na matawi yaliyosalia yakaenda kwa Naivas.

Wapo wanaolaumu shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoharibu mojawapo ya maduka makubwa ya kampuni hiyo. Hasara ile ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, duka moja haliangushi maduka zaidi ya hamsini kama mtaji una afya. Kosa kubwa lilikuwa kujenga matawi ya miaka mingi kwa fedha za kulipwa baada ya siku chache. Msambazaji aliyeuza kwa mkopo alikuwa, bila kujua, mwenye benki asiyepata riba.

Nakumatt ilikuwa mali ya familia, hivyo mtu wa nje hakuziona hesabu zake kwa urahisi. Lakini hata soko la hisa si kinga kamili: Uchumi, iliyokuwa na wanahisa wengi wadogo, ilifunga milango Juni 2006, ikarudi sokoni 2011, kisha ikayumba tena.

Sheria ya ushindani ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2019 ili kumbana mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo. Ni hatua njema, ila sheria hufika baada ya mzigo kushushwa. Msambazaji aweke kikomo cha deni kwa kila mteja, na asikivuke kwa sababu ya ukubwa wa jina. Mwenye akiba, kabla ya kununua hati yenye riba nono, aingie dukani mwenyewe, atazame rafu, na amuulize mpangaji bidhaa mzigo uliingia lini. Mpangaji huyo huijua hali ya duka miezi mingi kabla ya mkaguzi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya duka kufilisika ni rafu.